Maswali yenu: jangwani unavaa nini, unabeba nini?

Jambo wasomaji wetu wa hapa Lubumbashi, na nyinyi wa Goma na Bukavu munaotusomaka kwa simu. Barua za mwezi huu zimefanana kabisa: shofere anapelekwa Walvis Bay, bandari ya Namibia, kijana anaenda kutafuta bidhaa Dubai, mama anaenda Makka, mwanafunzi wa kule Moroko anataka kutembea kwenye mchanga, na wote wanauliza kitu kimoja, kule kwenye jangwa nivae nini na niweke nini kwenye valizi. Tumewajibu pamoja juu jibu ya mmoja inamsaidia na mwengine. Lakini kuko kitu nataka mushike kabla ya kusoma: siye tumezoea joto ya mvua, ile ya kutoa jasho mpaka shati inashika mgongo, na mwili unataka kufungua vifungo. Jangwa ni joto ingine. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unapoteza maji na hujui, na mtu anayevua shati njo anaumia wa kwanza.

*

*Yaya, jambo. Miye niko shofere wa kamioni, nilizoea paka laini ya Dar es Salaam, sasa patron ananiweka kwenye laini ya Walvis Bay, tutapeleka shaba. Bashofere benzangu, moja anasema kule ni moto ya kuua mutu, mwengine anasema baridi ilimupiga mpaka akavaa koti mbili. Nani anasema kweli? Na nibebe nini? — Shofere, Kasumbalesa*

Ndugu yangu shofere, wote wawili wanasema kweli, na pengine waliyaona siku moja ileile.

Angalia njia yenyewe. Unatoka Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Lusaka, unashuka mpaka Livingstone, unaingia Namibia kwa Katima Mulilo, halafu Rundu, Grootfontein, Otjiwarongo. Ni zaidi ya kilometa 2,000 na mpaka hapo bado ni pori tu, miti iko, joto unaijua. Ukishapita Karibib na Usakos njo mambo yanabadilika, miti inapungua, inakuwa vichaka, halafu hata vichaka vinaisha, unabakia na changarawe na mchanga upande na upande. Hiyo njo Namib. Sasa utasema joto itazidi kadiri unavyoenda, apana, ukikaribia Swakopmund, mji wa pwani, unaingia kwenye ukungu na baridi. Sababu yake ni bahari. Kuko mkondo wa maji baridi unaotoka kusini, unaitwa Benguela, unapita pembeni mwa ile pwani yote, hewa ikipita juu yake inapoa na kuwa ukungu, na mvua hainyeshi. Kwa hiyo Walvis Bay inaweza kuwa na digrii 18 saa sita za mchana wakati mwenzako aliye ndani ya jangwa, mwendo wa saa moja ao mbili nyuma yako, anapigwa na 38. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili kule ndani inapitaka hata 40. Mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka karibu na sifuri, na ni miezi hiyohiyo upepo wa mashariki unaweza kuamka, unatoka jangwani kwenda baharini, ni wa moto na unabeba mchanga wa kukwangua rangi ya mutuka.

Njo maana usibebe nguo moja nzito ya baridi na nguo moja nyepesi ya joto, beba za kuvaa moja juu ya ingine. Triko ya ndani ya kotoni, juu yake shati ya mikono mirefu, juu yake pulovere, na juu ya yote jaketi nyembamba ya kuzuia upepo, ata ile ya nailoni ya mitumba. Ukitoka Usakos unavua, ukifika kwa ukungu unarudisha. Ongeza kofia ya sufu ya kulalia, inakunjika kama ngumi, haikulipishi nafasi.

Shati ya mikono mirefu nataka niikazie. Angalia mashofere wa zamani wakiweka mikono mezani: ule wa dirisha umekuwa mweusi kuliko ule mwengine, na ngozi yake imekunjamana. Kioo ya mbele ya mutuka ina plastiki katikati ya vioo viwili na inazuia sehemu kubwa ya ile miale ya jua yenye kuzeesha ngozi, lakini kioo ya pembeni mara nyingi inaiachia ipite, na ukishusha kioo ndiyo kabisa. Kwa hiyo mkono ufunikwe, ao ushonee kwa fundi mikono miwili ya kotoni tupu, yenye elastiki juu na chini, unavaa ukiwa kwenye usukani, unavua ukishuka.

Viatu: usiende na kambambili peke yake. Najua ndani ya kabina ni raha. Lakini pneu ikipasuka saa nane za mchana utashuka kwenye lami ao mchanga ambao jua limeupiga toka asubuhi, na mchanga wa jangwa mchana unaweza kupita digrii 60, mguu ukizama kidogo tu pembeni ya kambambili ngozi inaungua kwelikweli. Weka viatu vya kufunga nyuma ya kiti. Na asubuhi, kama viliachwa chini inje, vipigepige kwanza kichwa chini kabla ya kuingiza mguu, Namib iko na nge wenye sumu kali, na wanapendaka kujificha pahali pa giza na pa kubana.

Maji sasa. Bidoni ya njano ya lita 20, mpya ao ile unajua historia yake, si ile ilibeba mazutu, hata ukiosha na omo haitoki. Hesabu angalau lita 5 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku, na siku mbili zaidi za akiba kama kamioni itakufa. Iwekwe kivulini ndani ya kabina. Na kamioni ikikufa, usiiache ukaanza kutembea kutafuta msaada, kamioni inaonekana mbali, mtu haonekani, na kivuli chako kiko pale. Kaa upande wa kivuli, kalia godoro ao karatoni usikalie mchanga, subiri mwengine apite, njia ile inapitwa na mashofere kila wakati.

Kitu cha mwisho kwako: usibebe nguo yoyote yenye mabakabaka ya kijeshi, hata kofia, hata saki ya mgongo. Zambia raia haruhusiwi kuivaa, na utapita Zambia nzima. Na chandarua usikiache, toka Katima mpaka Rundu ni nchi ya mito na malaria.

*

*Salama Yaya? Niko Goma, kwa Birere, naenda Dubai mara ya kwanza mwezi wa nane kuchukua simu na nguo, nitafikia Deira. Nilifikiri kubeba bermuda na singileti tu juu ni joto, na nafasi ya valizi niwekee bidhaa. Halafu kuko siku moja wanatupeleka jangwani kucheza na mituka kwenye milima ya mchanga. Nimepanga vizuri? — Kijana wa Birere*

Hesabu ya valizi umeipanga vizuri, ya nguo hapana. Dubai mwezi wa nane inapita 40 mchana na bado iko pembeni ya bahari, hewa inalowana, kwa hiyo ile joto ya kutoa jasho utaikuta mjini, na joto kavu utaikuta mukitoka kwenda kwa mchanga. Wewe unatoka Goma, mita 1,500 juu, jioni upepo wa ziwa unakufanya uvae jaketi, mwili wako haujazoea. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto kali, na safari ya biashara haifikagi hata wiki mbili. Siku mbili za kwanza tembea asubuhi na jioni, saa sita mpaka saa kumi ingia ndani.

Ndani sasa kuko shida ya pili. Maduka, teksi, metro, hoteli, pahali pote klima inafunguliwa mpaka mwisho, unatoka kwenye moto na shati iliyolowana unaingia kwenye friji, unafanya vile mara kumi kwa siku, siku ya tatu koo inakushika. Jaketi moja nyepesi ama pulovere nyembamba, ikae kwenye saki kila siku. Suruali ndefu mbili za kitambaa chepesi, mashati matatu ya kufungua shingo, basi. Unaosha usiku, asubuhi imekauka. Bermuda iwe ya kulalia. Ile ni nchi ya Waislamu, kwa maduka makubwa wanaombaka watu wafunike mabega na magoti, na mfanyabiashara anayeingia dukani na singileti hata bei hapewi na uso mzuri.

Siku ya jangwa vaa suruali ndefu, funga fulari ya kotoni shingoni ili uipandishe puani mutuka zikianza kurusha mchanga, na miwani ya jua inayofunika na pembeni. Kama unavaaka lensi za macho acha hotelini, chukua miwani ya kawaida. Simu iweke kwenye kisaki cha plastiki cha kufunga, mchanga ule ni laini unaingia kwa kila tundu, na usiiache kwenye kiti juani. Wenye kutengeneza iPhone wenyewe wanasema itumike kwenye joto ya kati ya 0 na 35, ikipita inajizima mpaka ipoe. Pawabenki iende nawe mkononi ndani ya ndege, kwa valizi ya chini hawakubali.

*

*Shikamoo. Naandika toka Bukavu, Kadutu. Mungu akipenda mimi na mume wangu tutaenda Hija. Mume wangu ana miaka 63 na anakunywa dawa za tansio. Tumesikia habari za watu waliokufa kwa jua kule, moyo wangu hautulii. Tubebe nini cha kutusaidia? — Mama wa Kadutu*

Marahaba mama, na Mungu awatangulie. Nitakujibu kwa urefu juu hii si swali ya mapambo.

Uliyosikia ni kweli. Mwezi wa sita 2024 kule Makka joto ilifika digrii 51.8 kwenye Msikiti Mtukufu, na serikali ya Saudia yenyewe ilitangaza mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki msimu ule. Wengi wao, zaidi ya nane kwa kila kumi, walienda bila kibali rasmi, maana yake walitembea masafa marefu juani bila hema ya klima wala basi. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kubeba si nguo mama, ni makaratasi kamili, muende na kundi lenye kibali, hapo tayari munakuwa na kivuli cha kulala na gari la kuwabeba.

Baba, kwa ihram yake, atavaa vitambaa viwili visivyoshonwa, na kichwa hakifuniki kwa kitu cha kukigusa. Lakini mwavuli unaruhusiwa juu haugusi kichwa. Basi mwavuli njo kifaa chake cha kwanza, mweupe ao wa rangi ya fedha, mwepesi, na wewe na wako, musishirikiane mmoja juu kwenye msongamano mutapotezana. Chagua ihram ya kotoni yenye kunyonya jasho kama taulo, si ile ya plastiki inayong'aa, na achukue seti mbili, moja ikilowa nyingine iko. Mapaja yakisuguana kwa kutembea ngozi inachubuka, na kwa mwanaume ambaye hana nguo ya ndani ndiyo shida kubwa ambayo wazee wanaonaka haya kuisema: apake vazelini isiyo na harufu mapema, asingoje mpaka iume. Krema ya jua pia isiwe na manukato, juu katika ihram manukato hayatumiki.

Wewe mama unavaa nguo zako za kawaida za stara, basi zichague pana, za kotoni, rangi ya kufifia, na chini yake triko nyembamba ya kunyonya jasho. Usivae tabaka nyingi za nailoni.

Viatu mununue sasa hivi, muvivae kwa wiki kadhaa mukipanda na kushuka vilima vya Bukavu, musifike kule na viatu vipya. Baba avae sandali za kuacha vifundo wazi, zenye soli nene. Na mushone kisaki cha kitambaa cha kutia viatu mkiingia msikitini, mukibebe, musiviache mlangoni. Watu wanatoka ndani viatu havipo, wanakanyaga ardhi ya inje saa saba mchana peku, malengelenge nyayo nzima na Hija bado haijaisha. Weka na kambambili za akiba ndani ya saki.

Maji munywe kidogokidogo kutwa nzima, musingoje kiu. Mkojo ukiwa wa njano nzito, maji hayajatosha. Lakini pia musijaze maji matupu kupita kiasi, mtu akitoa jasho sana anapoteza na chumvi, akinywa maji tu mengi kwa mara moja chumvi ya damu inashuka na anaweza kuchanganyikiwa. Bebeni paketi za SRO za farmasi, zile za watoto wa kuhara, ni zilezile. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kwa baba mwenye tansio, kabla ya hayo yote apitie kwa daktari wake na orodha ya dawa, kuko dawa za tansio zinazokojoza na kwenye joto zinakausha mtu, daktari njo atasema apunguze ao abadilishe, na atasema kama hiyo SRO inamfaa. Asiache dawa mwenyewe.

Na hii muijue wote wawili. Mtu akianza kuongea maneno yasiyo na maana, anayumba, ngozi ni ya moto sana, asiambiwe apumzike kidogo tu. Hiyo ni hatari ya kufa. Mwite msaada palepale, mvuteni kivulini, mumwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, barafu ikiwepo shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Kopo dogo la kupulizia maji, lile la msusi wa nywele, linasaidia kila siku na linasaidia na siku ile.

*

*Yaya habari? Nasoma Moroko, natoka Goma. Wenzangu wanapanga kutembea kwa miguu siku tatu kule Merzouga kwenye mchanga, tutalala kwenye hema. Nina jinsi mbili, tishati nyeusi na basketi. Nyeusi inavuta jua, si kweli? Ninunue nguo nyeupe? — Mwanafunzi*

Kwanza iache jinsi. Ni nzito, inabana, ikilowa jasho inasugua, na usiku inakaa baridi mwilini. Tafuta suruali pana ya kotoni nyembamba ao ya kitani, kule Moroko sokoni ziko.

Juu ya rangi, usihangaike sana. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliojiuliza kwa nini Mabedui wanavaa kanzu nyeusi jangwani. Walimsimamisha mtu juani na kanzu nyeusi, halafu nyeupe, wakapima, na joto iliyofikia mwili ilikuwa sawasawa. Kitambaa cheusi kinapata moto zaidi, ni kweli, lakini kanzu ni pana, hewa inapita kati yake na ngozi na kuondoa ile joto kabla haijafika mwilini. Kwa hiyo tishati yako nyeusi si mbaya kwa sababu ni nyeusi, ni mbaya kwa sababu inashika ngozi na inaacha mikono na shingo wazi. Upana njo unafanya kazi. Hata vitu vyote vinavyouzwa ghali kwa watalii vinarudi kwa jambo hilo moja: kivuli cha kutembea nacho, na hewa ndani yake.

Kichwani vaa kitambaa kuliko kofia ya mbele tu. Watuareg wana tagelmust, kitambaa cha mita kadhaa wanachozungusha kichwani na usoni. Wewe mama yako akutumie kikwembe laini kilichofuliwa sana, si waksi mpya ngumu, au nunua kotoni nyembamba ya mita tatu ao nne. Weka kitambaa kichwani, upande mmoja uuache mfupi kama mkono na mwengine mrefu. Ule mfupi uushushe kifuani. Mrefu uuzungushe paji la uso, nyuma ya kichwa, mara mbili tatu, kila mzunguko ukivuta kidogo usilegee, mwisho uingize pembeni ya sikio. Sasa ule mfupi wa kifuani upandishe juu ya pua na uufunge upande wa pili. Jifunze chumbani mpaka ufunge bila kioo, juu upepo ukianza hutakuwa na kioo wala wakati. Hata ile pumzi yako inayobaki ndani ya kitambaa inalowesha hewa, koo haikauki.

Basketi zako kama ni za wavu juu, mchanga utaingia kwa wavu, na mchanga ndani ya soksi njo unaleta malengelenge. Ukiwa huna zingine, chukua soksi ndefu kuukuu, ikate pua yake, uivae juu ya kiatu na kifundo, inaziba pale mchanga unapita. Soksi za ndani zisiwe kotoni tupu, kotoni inashika maji na mguu unalainika, chukua zenye sufu ao za michezo. Mguu unavimba kwenye joto, kwa hiyo kiatu kikae na nafasi ya kidole mbele. Kila musimamapo vua, kung'uta, kausha soksi juani dakika chache, vaa ile ingine.

Usiku utashangaa. Hewa kavu haishiki joto, jua likizama joto inapanda mbinguni yote, na miezi ya baridi kule Merzouga usiku unakaribia sifuri. Jaketi ya kweli, kofia ya sufu, triko kavu ambayo hukuitolea jasho mchana, blanketi ya kulalia chini na siyo ya kujifunika tu, juu ardhi inanyonya joto ya mwili. Tochi ya kichwani, filimbi, na usitoke hemani usiku bila kumwambia mwenzako unaelekea wapi, milima ya mchanga inafanana yote.

*

*Yaya, niko Katuba, hapa L'shi. Mtoto wangu wa miaka 8 ana ualbino. Dada yangu yuko Swakopmund anatualika likizo. Watu wananiambia nisimpeleke, jua la jangwa litamuharibu. — Mama wa Katuba*

Mpeleke mama, mtoto aione bahari. Lakini mpange kama unavyopanga dawa.

Nguo zake zishonwe na fundi hapa hapa: mikono mpaka kiganja, kola ya kusimamisha, suruali mpaka kifundo, kitambaa kilichofumwa karibu karibu. Kipime hivi, kishike mbele ya taa, kama unaona mwanga unapita wazi, jua nalo litapita. Shapo iwe na ukingo mpana pande zote, sentimeta 7 kwenda juu, yenye kamba ya kidevuni, juu Swakopmund ni upepo. Kofia ya mbele tu inaacha masikio na shingo, na kwa watoto wetu wenye ualbino masikio na shingo njo vidonda vinapoanziaka. Miwani iandikwe UV400, ni alama ya kinga ya miale ya jua. Miwani nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa miwani, giza linafungua mboni na miale inaweza kuingia zaidi.

Krema ya jua SPF 50, umpake nusu saa kabla ya kutoka, urudie kila saa mbili na kila akitoka kwenye maji, usisahau masikio, midomo, nyuma ya shingo na juu ya nyayo. Mpake kwa wingi, krema ya kupaka kidogokidogo ili isiishe haikingi inavyoandikwa. Usiiache ndani ya mutuka, joto inaiharibu. Toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni awe kivulini. Na hapa njo watu wanadanganyikaka Swakopmund: asubuhi ni ukungu, baridi, hakuna jua, mama anamuachilia mtoto na tishati. Miale inapita ukungu. Siku ya ukungu avae vilevile kama siku ya jua kali.

Na siye wengine weusi, krema kidogo usoni haitudhuru, ngozi yetu inakinga zaidi lakini haikingi yote, na macho ya mtu mweusi nayo yanaweza kuumizwa na jua.

*

*Mukubwa, naenda na kaka yangu kwa njia ya Walvis Bay kama kondakta wake. Nina dola 40 tu za kununua vitu. Nianze na nini? — Kijana, Ruashi*

Anza na viatu, njo kitu kimoja ambacho hutashonesha wala kuazima, nusu ya pesa iende hapo, viwe vya mitumba lakini soli isiwe imekauka, ikunje uone kama inapasuka. Halafu miwani yenye kinga, halafu paketi za SRO na kitube cha krema. Shati ndefu na pulovere omba nyumbani, haiwezekani nyumba nzima ikose. Fulari, mwombe mama kipande cha kikwembe chake cha zamani. Bidoni na chakula muchangie na kaka. Ikibaki pesa, tochi. Shapo nunua ya mwisho na usiinunue kwa kuiangalia tu, ivae palepale sokoni, inamisha kichwa kama unafunga kamba ya kiatu, halafu kimbia hatua mbili tatu, ikianguka mrudishie mwenyewe ujaribu ingine.